Sony Mbili za Awendo

Katika mji wa Awendo, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori na mpaka wa Isebania, neno Sony lina maana mbili, na ile inayojulikana ulimwenguni kote si ya kwanza. Sony ya kwanza ni sukari. Jina hilo ni ufupisho wa Nyanza Kusini kwa Kiingereza, wilaya ya zamani iliyokuwa na makao yake makuu Homa Bay, na ambayo sehemu yake kubwa leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Wilaya yenyewe ilikwisha kugawanywa, lakini jina lake lilisalia kwenye kiwanda, kwenye mifuko ya sukari na kwenye klabu ya soka ya Sony Sugar. Sony ya pili ni kile kisanduku cheusi kutoka Japani, PlayStation, kilichoingia katika vibanda vya mabati vya miji midogo ya Nyanza na kuwafanya vijana wapange foleni kwa zamu ya dakika kumi.

Mwaka 2006 Sony hizi mbili zilikaribiana sana pasipo kukutana. Mwaka huo Sony Sugar ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, na mji uliozungukwa na mashamba ya miwa ukawashinda wakubwa wa Nairobi. Mwaka huohuo kampuni ya Konami ilitoa Pro Evolution Soccer 6, mchezo ambao vijana waliuita PES tu. Humo mlikuwa na vilabu vya Hispania, vya Italia, vya Ufaransa na vya Uholanzi, hata vile ambavyo hakuna mtu wa Awendo aliyewahi kuvisikia. Bingwa wa Kenya hakuwamo. Gor Mahia pia haikuwamo, klabu yenye jina la yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika eneo la Ndhiwa ambalo leo limo katika kaunti ya Homa Bay. Klabu iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa kuiondoa Espérance ya Tunisia kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mkenya aliyetaka kuonekana katika michezo ya aina hii alilazimika kwanza kupitia Ulaya, kama walivyofanya Dennis Oliech aliyechezea Nantes na Auxerre, MacDonald Mariga wa Inter Milan, na baadaye Victor Wanyama wa Tottenham.

Hata hivyo mchezo huo ulikuwa na mlango wa nyuma. Katika orodha yake ya kwanza palikuwa na neno moja fupi, Edit, yaani sehemu ya kuhariri. Sababu ya kuwekwa kwake haikuhusiana na Afrika. Konami haikuwa na leseni ya vilabu vingi vya Uingereza, hivyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Everton ikaitwa Merseyside Blue. Mnunuzi aliachiwa zana za kubadilisha majina, kuchora nembo, kupaka jezi rangi na kuumba wachezaji wapya. Ilikuwa ni kana kwamba fundi ameuza nyumba isiyo na milango, kisha akamkabidhi mwenye nyumba msumeno na mbao. Kwa Mwingereza zana hizo zilikuwa za kurekebisha kasoro. Kwa kijana wa Migori zilikuwa za kujenga kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

Kijana mmoja wa Awendo, aliyekuwa kidato cha pili mwaka huo, alijifunza kazi hiyo kabla hajaweza kuisoma vizuri orodha yenyewe ya Kiingereza. Majina ya wachezaji aliyatoa kwenye kurasa za michezo za Taifa Leo. Urefu wao aliukadiria kwa macho, akiwa ameketi uwanjani siku za mechi. Nembo aliichora kwa kubonyeza vitufe vya mishale, mraba mmoja baada ya mwingine, na mkono ulipoteleza ilibidi kurudi nyuma na kuanza upya.  Ili Sony Sugar ipate mahali pa kukaa, aliamua kuifuta timu nyingine, na kwa kuwa hakuna mteja wa kibanda aliyewahi kuichagua klabu fulani ya Ulaya, hukumu ikaiangukia hiyo. Kazi yote aliifanya alfajiri, kabla wateja hawajafika, kwa sababu mwenye kibanda alitoza kwa mechi, na kuhariri si mechi.

"Omera, hii timu umeitoa wapi?" mteja wa kwanza alimuuliza.

"Si hapa tu, ng'ambo ya barabara."

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini na mtu yeyote anayesoma fasihi. Kila mchezaji wa PES hupewa alama za kasi, nguvu, pasi, mashuti na mengineyo, na mwisho wake ni 99. Kijana alikuwa na uwezo wa kuwapa mashujaa wake 99 kila mahali, na siku ya kwanza hivyo ndivyo alivyofanya. Sony Sugar ikaifunga Barcelona mabao tisa. Kibanda kilishangilia kwa mechi mbili, na kufikia ya tatu hakuna aliyetaka kuichezea wala kucheza dhidi yake. Kisha ukaanza mjadala uliodumu wiki nzima. Mshambuliaji wa Sony apewe alama ngapi za kasi? Kipa je? Wapo waliosema kwamba bingwa wa Kenya hawezi kupungukiwa na 80. Wapo waliosema, kwa uchungu wa mtu anayesema kweli juu ya ndugu yake, kwamba beki wa kushoto hakustahili kupita 60. Walilinganisha na mechi walizoziona kwa macho yao. Walibishana juu ya mchezaji aliyekuwa hodari nyumbani na mnyonge ugenini, kwa kuwa mchezo haukuwa na alama ya kueleza jambo hilo. Hatimaye timu ilikaa katika alama za sabini na kitu, ikawa timu ya kweli: ilifungwa na Barcelona mara nyingi, ilitoka sare mara chache, na siku moja ilipopata bao moja bila jibu, mwenye kibanda aliacha kutoza mechi iliyofuata.

Huo ulikuwa uhakiki. Vijana hao hawakuwa wamesikia maneno kama uhalisia na ushabiki yakitumiwa katika mhadhara, lakini waligundua wenyewe kwamba mhusika aliyepambwa kupita kiasi huua hadithi. Wanafunzi wengi huhitaji muhula mzima kufika hapo.

Palikuwa na jambo jingine ambalo zana zile hazikuweza. Mtangazaji wa mchezo alikuwa na orodha ya majina aliyorekodiwa akiyatamka, na mchezaji mpya aliyeumbwa alichaguliwa jina la kutamkwa kutoka katika orodha hiyo. Majina ya Kijaluo hayakuwamo. Ukiacha nafasi hiyo tupu, mtangazaji alinyamaza kila mchezaji huyo alipogusa mpira. Basi kibanda kikaziba pengo. Mmoja wa watazamaji, aliyekua akimsikiliza Leonard Mambo Mbotela redioni, alitangaza mechi za Sony kwa Kiswahili cha madoido, akichanganya Kijaluo bao lilipoingia. Watu walianza kuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama runinga.

Katika nadharia ya fasihi simulizi hufundishwa kwamba mpaka kati ya fanani na hadhira si ukuta. Hadhira huitikia, huongeza, husahihisha. Aliyekuwa msikilizaji jana huwa msimulizi kesho, na kila asimuliaye huiacha ngano ikiwa na kitu kilichokuwa hakimo. Mchezo wa video, kwa umbo lake la kibiashara, unaelekea upande mwingine: fanani ni kampuni, hadhira ni mnunuzi, na kinachoombwa kwa mnunuzi ni vidole vyake tu. Sehemu ya kuhariri ndiyo iliyomrudisha mnunuzi katika nafasi ya fanani. Kwa sababu hiyo malalamiko ya wachezaji kuhusu zana hizo hayafai kudharauliwa kuwa ni deko la vijana waliokosa kazi. Mtu akinyang'anywa mchezo, amenyang'anywa burudani. Akinyang'anywa zana za kuuandika upya, amenyang'anywa zamu yake ya kusimulia.

Na kunyang'anywa huko hakukuja kwa siku moja. Kulianza kwa njia ndogo iliyozoeleka hadi ikaonekana ya kawaida: mara nyingi toleo jipya la PES lilipotoka, kazi iliyohifadhiwa katika toleo la zamani haikusomeka humo. Timu iliyojengwa kwa miezi ilibaki nyuma, na mwenye kuipenda alianza tena kuchora mraba wa kwanza. Hakuna mwandishi ambaye angevumilia mchapishaji anayeteketeza mswada kila mwaka, kisha akamuuzia kalamu mpya. Halafu kulikuwa na udhaifu wa kadi yenyewe ya kumbukumbu, kipande cha plastiki chenye nafasi ya megabaiti 8. Umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi, kazi iliweza kuharibika yote. Ya kijana wa Awendo iliharibika hivyo mara moja; ya pili iliuzwa pamoja na mashine, mwenye kibanda alipohamia biashara ya pikipiki. Zana ziliboreka baadaye kwa baadhi ya watu. Katika PlayStation 4 na kompyuta iliwezekana kuingiza picha za nembo na jezi, ilhali wenye mashine za Xbox walinyimwa ruhusa hiyo. Haki ya kuumba ilitegemea kisanduku ulichokinunua.

Msimu wa 2019/2020, baada ya kampuni ya SportPesa kujiondoa katika udhamini wa soka nchini, Sony Sugar ilishindwa kufika katika mechi tatu na kwa mujibu wa kanuni ikaondolewa Ligi Kuu. Bingwa wa 2006 akatoweka katika jedwali. Ikiwa ipo mahali kadi ya zamani ambayo bado inafunguka, basi humo ndimo pekee ambamo kikosi kile bado kinasubiri filimbi.

Septemba 2020 Konami ilitoa PES 2021, toleo la mwisho lenye jina hilo. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba 2021, jina la PES liliachwa na mahali pake pakachukuliwa na eFootball, mchezo wa bure unaochezwa mtandaoni. Siku hiyo sehemu ya kuhariri haikuwamo. Master League, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyompa mtu nafasi ya kuilea klabu msimu baada ya msimu, haikuwamo pia. Wachezaji duniani kote walipiga kelele, hasa kwa sababu mchezo ulikuwa umejaa kasoro za wazi. Katika duka la Steam ulipewa alama mbaya kupindukia ndani ya saa chache, na Konami ikaomba radhi. Nyuso za wachezaji zilizopotoka ziliongoza katika habari, zikachekwa kila pembe. Kuondolewa kwa zana kulitajwa chini kabisa, pamoja na ahadi kwamba mambo hayo yangekuja baadaye.

Mchezo ulisasishwa, nyuso zikanyooka. Katika jambo la zana, "baadaye" ni neno ambalo watu wa Nyanza Kusini wanalijua vizuri. Wamelisikia kuhusu malipo ya miwa pia.

Inafaa kuusikiliza upande wa pili. Mchezo wa mtandaoni hauwezi kumruhusu kila mtu abadilishe alama za wachezaji wake, kwani udanganyifu ungeuua. Nembo zinazochorwa na watu huweza kuwa matusi, au wizi wa hakimiliki, na mwenye kushtakiwa ni kampuni. Kuna pia sababu ambayo haisemwi waziwazi: eFootball ni bure kuipakua, na fedha zake hutokana na wachezaji kununua sarafu za mchezo ili wapate nyota wanaotamaniwa. Nyota huyo hana bei mahali ambapo kila kijana anaweza kumuumba mwenyewe. Sababu mbili za kwanza zina uzito na zina dawa, kwa kuwa inatosha kazi zilizohaririwa zibaki katika mechi za nje ya mtandao, kama zilivyokuwa zamani. Ya tatu haina dawa, maana si tatizo la kiufundi.

Wazee wa Gwassi, katika kaunti ya Homa Bay, husimulia habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke katika wavu wake. Alimchukua nyumbani, na utajiri ukamfuata: ng'ombe, mbuzi, boma likajaa. Kisha akalewa, akamtukana kwa asili yake. Mwanamke akaondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini, Nyamgondho akibaki ufukoni akitazama. Ni rahisi kuifanya ngano hii kuwa fumbo la kampuni na wachezaji waliolitajirisha boma lake, na kuitabiria hasara. Lakini ukweli haukufuata ngano. Ng'ombe hawakurudi ziwani. eFootball imepakuliwa mara zaidi ya milioni 700, nyingi zikiwa katika simu, na baadhi ya simu hizo ziko Migori na Homa Bay. Walioumbuliwa bado wanacheza, kwa sababu rafiki zao wanacheza. Huo ndio uchungu wenyewe wa jambo hili: mlalamikaji hana pa kuhamia, na kampuni inalijua hilo.

Walichofanya wengine ni kurudi nyuma. Mwaka 2012 ilitolewa programu ya bure iitwayo PPSSPP, inayoigiza mashine ndogo ya PSP ndani ya simu au kompyuta. Toleo la mwisho la PES kwa PSP lilikuwa la 2014, na hadi leo watu wa mataifa mengi wanalifumua na kulishona upya: wanabadilisha jezi, vikosi, nyimbo na matangazo ya uwanjani, kisha wanaliita kwa mwaka mpya. Halihitaji bando ili lichezwe. Faili hupita kutoka simu hadi simu pasipo duka. Konami haikuzitoa zana za kazi hii. Watu wamezibuni wenyewe, nje ya idhini yake, na sheria ya hakimiliki haiko upande wao. Tena si kwamba mafundi hawa ni malaika. Mmoja hutumia miezi kurekebisha faili na kuweka jina lake katika picha ya kufungulia mchezo, na baada ya wiki mwingine hulifuta jina hilo na kuandika lake. Wanaolalamika kwamba kazi yao haithaminiwi na wenye nguvu wanajua pia kutoithamini kazi ya wenzao.

Kijana wa Awendo sasa ni mtu mzima na anafanya kazi mjini Homa Bay. Ameihariri faili moja ya namna hiyo katika kompyuta, jioni baada ya jioni, na safari hii hakujaribu kuweka kikosi cha sasa cha timu yoyote. Anajenga kile cha 2006. Mtoto wa kaka yake, ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo, humsogelea na kutazama.

"Baba mdogo, hawa ni akina nani?"

"Mabingwa."

"Wa timu gani?"

"Sony."

Mtoto aliitazama kompyuta, ambayo haikuwa ya Sony, akaamua kutouliza zaidi.

Wachezaji kumi na mmoja wa kwanza wamekamilika, pamoja na alama zao za sabini na kitu kama zilivyokubaliwa kibandani. Wa akiba ni wanne tu. Wengine majina yao yamemtoka, na kadi zote mbili hazipo. Ameandika barua kwa rafiki aliyebaki Awendo, akimwomba awaulize wazee waliokuwa wakikata tikiti siku zile, na kama kuna mtu aliyetunza Taifa Leo za mwaka huo, asizifungie sukari kabla kurasa za nyuma hazijapigwa picha.